Bibi Harusi Si Mlinda Mikoba

Mashoga zangu, na nyinyi wanangu mnaojiandaa kuolewa.

Leo hakuna singo wala mapishi. Leo nina neno zito kidogo, na najua wako watakaonuna. Nuneni, lakini someni mpaka mwisho.

Siku hizi fungate imetoka chumbani. Wengi wenu mkishamaliza zile siku saba mnafunga safari ya Ushongo, kule kusini ya mto Pangani, kwenye minazi na mchanga mweupe. Siku ya pili mnapandishwa mashua kwenda kisiwa cha Maziwe, safari ya kama kilomita 8. Mkifika, bwana harusi anavaa miwani na mrija, au anavalishwa mtungi wa hewa mgongoni, anajirusha majini, chubwi! Wewe je? Wewe umebaki mashuani na dera lako jipya, umeshika simu yake, pochi yake, saa yake na viatu vyake. Baada ya dakika arobaini anaibuka na furaha tele: nimemuona kasa, nimeona taa, nimeona samaki wa rangi sijapata kuziona. Wewe unasema mashaallah, unampa taulo.

Mimi nasema hivi: hiyo si haya, si heshima, na wala si dini. Ni mazoea tuliyoyavika kanzu. Mwanamke wa Kiislamu ana haki ya kuyaona matumbawe ya bahari yake kwa macho yake mwenyewe, akiwa amejisitiri na yuko salama. Wanaomfanya mlinda mikoba wana la kujibu, na baadhi yao ni sisi wenyewe.

Ujue kwanza unanyimwa nini

Maziwe si kisiwa kama mnavyofikiria. Zamani kilikuwa na miti, mivinje mikubwa, na wavuvi walipumzika kivulini. Kilikuwa moja ya sehemu kubwa za kasa kutaga mayai katika pwani yote ya Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha, na leo kilichobaki ni fungu la mchanga. Maji yakijaa linazama lote, yakipwa linachomoza. Lakini kinachozunguka fungu hilo bado kipo: miamba ya matumbawe na zaidi ya aina 200 za samaki, katika eneo ambalo serikali imelitenga kuwa hifadhi kwa zaidi ya miaka 40.

Na kasa jike bado anarudi kutaga palepale. Mayai yake yakiachwa yanafunikwa na maji na kuoza, kwa hiyo watu wa Ushongo, wakisaidiana na shirika la Sea Sense, huyahamisha na kuyafukia upya ufukweni bara. Hukaa mchangani karibu miezi miwili, kisha vitoto vinatoka na kukimbilia baharini. Mwenye bahati hufika siku hiyo hiyo akaviona.

Sasa ukizama na mtungi, dada yangu, unakwenda mahali ambapo hata sauti hubadilika. Unasikia pumzi yako tu, na kwa mbali kama mtu anatafuna bisi: hao ni kamba wadogo wa mwambani. Pono unawaona wanamega jiwe kwa meno, kisha wanatoa mchanga mweupe nyuma yao. Ule mchanga unaoukanyaga ufukweni sehemu yake imepita tumboni mwa samaki. Hata mikono yako itakushangaza. Maji humeza rangi nyekundu kwanza, kwa hiyo ukishuka mita chache tu hina yako haitaonekana nyekundu tena, itageuka kahawia iliyopoa, na piko litabaki jeusi vilevile. Bibi harusi gani asingependa kuliona hilo?

Katika Suratun-Nahl, aya ya 14, Mwenyezi Mungu anatutajia neema za bahari, na mojawapo ni mapambo ya kuvaa. Katika Surat Ar-Rahman anataja lulu na marijani. Tunazisoma aya hizi kwenye maulidi na hitma zetu, kwa sauti nzuri kabisa. Halafu tunamwambia binti yetu kwamba marijani yenyewe haimhusu, akae mashuani.

"Bahari si ya mwanamke." Nani kasema?

Sijui neno hili lilitoka wapi, maana wanawake wa pwani hii wameishi ndani ya maji. Nani anachokoa pweza maji yakipwa? Nani anatanda uduvi na dagaa kwa kitambaa, maji kiunoni? Kule Unguja na Pemba nani analima mwani? Wengi wao ni wanawake, tena wameshinda juani na chumvini tangu alfajiri, na hakuna anayekuja kuwaambia kwamba bahari si yao. Kumbe bahari ni ya mwanamke akienda kufanya kazi. Ikifika zamu ya kustarehe na kutafakari, ndipo haramu inapogunduliwa.

Na tukirudi kwenye dini yenyewe, mkumbukeni Bibi Umm Haram bint Milhan, radhi za Allah ziwe juu yake. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alimueleza kuwa ameoteshwa watu wa umma wake watakaosafiri juu ya bahari. Hakusema hiyo ni habari ya wanaume. Aliomba aombewe awe miongoni mwao, naye akaombewa. Akaja akasafiri na jeshi la Waislamu mpaka Cyprus, akafia huko kwa kuanguka kutoka kwenye mnyama wake, na kaburi lake lipo Larnaca hadi leo. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim, na imewafikia hao hao wanaotukataza.

Iko pia hadithi aliyoipokea An-Nasai, inayohesabu mambo manne ambayo si upuuzi. Mojawapo ni mtu kucheza na mke wake, na jingine ni kujifunza kuogelea. Waume, mmeona? Yote mawili mngeyapata Maziwe kwa safari moja.

Kuna wanaoleta habari za pepo wa baharini, kwamba bibi harusi mwenye hina mbichi na manukato akiingia majini atapagawa. Mimi sibishani na bibi yangu mbele za watu. Nasema tu: soma adhkari zako za asubuhi, sema bismillah, mtegemee Mola wako, kisha hakikisha mtungi wako umejaa hewa.

Hoja za haya nazikubali, lakini zina jawabu

Wako wanaouliza mambo ya maana, na hao siwadharau.

Wanauliza: vazi la kuzamia si linabana? Kweli linabana. Lakini linafunika kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo, kofia yake inafunika nywele na masikio, na miwani inafunika nusu ya uso. Juu yake unaweza kuvaa vazi la kuogelea la Kiislamu, lile la kanzu fupi ya kitambaa kisichonywa maji, alilolibuni Aheda Zanetti, Mwislamu wa Australia mwenye asili ya Lebanoni, mwaka 2004. Ukilivaa umejisitiri kuliko nusu ya magauni ya harusi ninayoyaona kumbini siku hizi, yenye mgongo wa wavu na mikono ya kuhadaa. Kwenye gauni lile hamkuuliza fatwa.

Wanauliza: je, mwongozaji mwanamume si atanigusa? Hili ni swali zito. Mtungi unafungwa kwa mikanda kifuani na kiunoni, na mara nyingi mwongozaji ndiye anayekaza. Jawabu lipo: mumeo afundishwe kukuvalisha na kukukagua. Huo ndio utaratibu wa wazamiaji duniani kote, kila mmoja anakagua vifaa vya mwenzake kabla ya kuingia majini. Anayejizamia kwa mara ya kwanza ni lazima awe na mwalimu karibu yake muda wote, hilo usiliondoe, ni uhai wako. Basi mwalimu awe mwanamke. Na hapo ndipo ugomvi wangu mkubwa unapoanzia.

Nyinyi wenye mashua na mitungi

Ukiingia kwenye biashara za kuzamia za pwani hii, mara nyingi kinachokupokea ni picha za wageni wa vazi la kuogelea la vipande viwili, na mwishoni mwa safari bia ya baridi mashuani. Ukiuliza kama yupo mwongozaji mwanamke, kijana anacheka. Ukiuliza kama mashua inaweza kukodiwa na familia moja bila kuchanganywa na wengine, unaambiwa bei mara tatu. Ukiomba usipigwe picha, picha yako unaiona mtandaoni kesho yake.

Halafu wanasema, "Wanawake wa Kiislamu hawapendi kuzamia." Hampikiwi pilau mkaambiwa hampendi pilau!

Mnatufahamu tukiwa jikoni kwenu, tukitandika vitanda na kupika chakula cha wageni. Hamtufahamu tukiwa wateja. Na bahari hiyo mnayoiuza ni ya kwetu. Walioishi na milipuko ya baruti, iliyoufanya Mkoa wa Tanga ujulikane vibaya kwa miaka, ni sisi. Samaki walipopungua, sufuria zilizopungukiwa zilikuwa za kwetu. Matumbawe yalipopauka kwa joto mwaka 1998, karibu ukanda wote wa magharibi ya Bahari ya Hindi, pweza wetu nao walikuwa wakiishi humo humo. Anayekula hasara ya mwamba apewe nafasi ya kuuona uzuri wake.

Duara linaloanzia utotoni

Lakini nisiwabebeshe wenye mashua mzigo wote. Fuateni duara hili pamoja nami.

Mtoto wa kiume wa Ushongo anaogelea tangu anapoanza kukimbia. Akifika miaka kumi na minane, akiajiriwa kupakia mitungi, ni rahisi kumsomesha hatua kwa hatua mpaka awe mwongozaji. Dada yake alikuwa akichezea maji naye hadi siku moja akaambiwa: umeshakuwa mkubwa, toka. Hakufundishwa mahali pengine pa faragha, alitolewa tu. Kwa hiyo hawezi kuajiriwa kwenye kuzamia, maana hawezi kuogelea. Kwa kuwa hayuko, hakuna mwongozaji mwanamke. Kwa kuwa hakuna mwongozaji mwanamke, mume mwenye wivu wa kidini anakukatalia, na ana hoja. Kwa kuwa unakataliwa, mwenye mashua anasema hakuna wateja wanawake, kwa nini asomeshe mwongozaji mwanamke? Duara limefunga. Aliyelianzisha ni mama aliyemwambia bintiye "toka" bila kumwambia "njoo huku".

Na hapa si suala la starehe tena. Sisi ni watu wa visiwani, kila safari yetu ni ya maji. Mwaka 2011 MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba usiku wa Septemba. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, ikazama MV Skagit. Mamia ya ndugu zetu walikwenda, wengi wakiwa wanawake na watoto. Allah awarehemu wote. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote, kudra ni ya Mungu na meli zilikuwa na makosa yake. Nasema kwamba mama anayejua kuelea juu ya maji kwa dakika kumi tu ana nafasi ambayo asiyejua hana. Kumnyima binti elimu hiyo kwa jina la kumlinda, huko si kumlinda.

Wala haishindikani. Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi yanayofunika mwili mzima, na wamefundishwa na wanawake wenzao. Wazee waliokuwa na wasiwasi waliona kwa macho yao kwamba stara haikupungua. Kilichowezekana Nungwi kitashindikanaje Ushongo, Kikokwe au Tanga mjini?

Na sisi tusijitakase

Niwageukie sasa mabibi harusi wenyewe. Wako wanaoingia majini, lakini kwa ajili ya picha. Wanasimama juu ya tumbawe ili kimo kionekane. Wanamuinua kiti cha pweza juani dakika nzima wakitabasamu, naye anakufa taratibu mikononi mwao. Wanamkimbiza kasa wamshike gamba. Wanarudi na kombe kubwa la kupambia sebule.

Tumbawe si jiwe, mashoga zangu. Ni wanyama wadogo maelfu kwa maelfu waliojengeana nyumba, na mengi hukua sentimeta chache tu kwa mwaka. Unyayo wako mmoja unavunja kazi iliyoanza kabla mama yako hajaolewa. Wanaosema wageni wakizidi mwamba utakufa, wana haki kwa watu wa namna hii. Jawabu langu kwao: waje wachache, waongozwe, wasiguse kitu. Anayezuiwa awe mwenye kuharibu, awe mwanamume au mwanamke.

Na hapa stara yetu ina faida ambayo wengi hawajaifikiria. Mwenye kujifunika hahitaji kujipaka mafuta ya kuzuia jua mwili mzima. Baadhi ya mafuta hayo yana kemikali zinazodhuru matumbawe, mpaka jimbo la Hawaii likapitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia uuzaji wake. Kwa hiyo mwenye vazi refu ni mgeni mwema wa mwamba.

Kabla hujalipia

Mkiamua, na In shaa Allah mtaamua, shikeni haya:

1. Jifunze kuogelea miezi kadhaa kabla ya harusi. Mwambie bwana harusi aweke ada ya mafunzo na miwani nzuri kwenye sanduku lako, apunguze jozi mbili za viatu. Kama hujui kuogelea, anza na miwani na mrija kwenye maji ya kina kifupi, usiende na mtungi.

2. Chagua msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Februari hivi, bahari ikiwa tulivu na maji safi. Kusi likivuma liache lipite.

3. Fungu la Maziwe huonekana maji yakipwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani yetu hupwa kwenye saa nne asubuhi. Mkitoka mapema mtazama, mtapumzika, na Adhuhuri mtaiwahi. Usikubali safari inayokuswalisha kadha.

4. Jaza fomu ya afya kwa ukweli. Mwenye pumu, moyo au masikio mabovu amuone daktari kwanza. Na kama siku zako zimechelewa, usizame na mtungi kabisa. Mjamzito hazamii, hata ikiwa ni wiki ya kwanza ya kushuku.

5. Ukishuka, masikio yatabana, kwa sababu kila mita 10 maji yanakuongezea uzito sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Bana pua upulize taratibu, mapema na mara kwa mara. Na usizuie pumzi hata mara moja, hiyo ndiyo kanuni ya kwanza. Anayejaribu kwa mara ya kwanza asipite mita 12.

6. Usipande ndege siku hiyo. Kaa angalau saa 18 baada ya kuzamia. Wale mnaorudi Unguja kwa ndege ndogo, panga safari ya mwamba iwe mwanzo wa fungate, si siku ya mwisho.

7. Uliza kwa sauti, tena mbele ya wengine: "Mnaye mwongozaji mwanamke?" Kama hawana, waambie utarudi watakapokuwa naye. Tukiuliza kumi watacheka. Tukiuliza mia watasomesha msichana.

Na wewe mume unayesoma juu ya bega la mkeo, nina ombi moja. Safari ijayo, panda mashuani umevaa kila kitu sawasawa na yeye. Mkagulie mikanda, naye akukagulie yako. Shikaneni mikono mshuke pamoja. Mikoba mwachieni nahodha, ndiyo kazi anayolipwa.

Kama hilo haliwezekani kwako, basi kaa wewe mashuani na pochi, yeye aende na mwalimu mwanamke. Utaona dakika arobaini zilivyo ndefu.

Ya Rabb, tuhifadhie bahari yetu na vilivyomo, walinde mabinti zetu juu ya maji na chini yake, na uwape wachumba wenye kushirikiana nao katika neema Zako. Aamin.

Mwenye binti wa miaka saba, msimu huu wa kaskazi mtafutie mwalimu wa kuogelea.